Presha Yangu Haitii Amri

Jumatatu, 6 Septemba 1971

Kliniki. Saa mbili nzima juu ya benchi. Presha mia na tisini kwa mia na kumi. Mwezi wa tatu sasa namba ni ileile. Daktari mgeni alikuna kichwa, akasema neno kwa lugha ya kwao. Nesi Wanu, ambaye nilimsomesha darasa la tano na hata siku moja hakuweka nukta mwisho wa sentensi, akaniuliza mbele za watu kama vidonge navimeza. Nikamjibu kwamba nimefundisha miaka thelathini na mmoja na sijapata kuulizwa swali la namna hiyo. Akaandika kwenye cheti kuwa nameza. Bila nukta.

Lakini habari ya leo ni nyingine. Daktari ameleta dawa mpya ya majaribio, kwa wale tu ambao presha yao haishuki kwa dawa ya kawaida. Anataka watu ishirini. Kumi na tisa wameshapatikana. Aliyeingia katika jaribio hupewa kadi ya manjano yenye picha yake, hufuatwa nyumbani kwa gari, na akifika kliniki hapangi foleni. Hapangi foleni! Katika mji ambao hata kiberiti kina foleni yake!

Na nani alikuwa wa kwanza kupewa kadi? Masoud. Mdogo wangu, tumbo moja. Karani mstaafu wa shamba la Kizimbani, aliyekula mshahara kwa kuhesabu miche ya mikarafuu. Ameibandika kadi kifuani kama nishani. Akanambia, "Shikamoo, Kaka. Presha yangu imewashinda madaktari. Yako vipi, bado ile ya kawaida?"

Nikamwitikia marahaba, kwa sababu adabu ni adabu.

Nafasi ya ishirini lazima iwe yangu. Nesi amesema nitapimwa tena Jumatatu ya tarehe 27. Nikikutwa na mia na themanini au zaidi, nimeingia.

Jumanne, 7 Septemba

Mke wangu Tabia hakufurahi. Amesema kadi si dawa. Kisha akanikumbusha jambo ambalo sikuhitaji kukumbushwa. Ijumaa ya tarehe mosi Oktoba anaolewa mjukuu wetu Mwanakheir. Baba yake, mwanetu Abdulla, ametangulia mbele ya haki. Mtoto hana kaka wala ami. Walii wake, mwenye haki ya kumwozesha, ni mimi. Nikianguka kiharusi kabla ya siku hiyo, uwalii unakwenda kwa Masoud.

Masoud! Amwozeshe mjukuu wangu, kadi ya manjano kifuani!

Sasa niuandike ukweli hapa, pasipo macho ya mtu. Vidonge sivimezi. Kila asubuhi Tabia huniletea kidonge na kikombe cha maji, akasimama mbele yangu kama msimamizi wa mtihani. Nakiweka chini ya ulimi. Nakunywa maji. Nasema Alhamdulillahi. Kisha natoka, nakitema kwenye leso, nakianika dirishani kama karafuu. Kikikauka kinaingia katika mkebe wa biskuti, chini ya kitanda. Vimefika themanini na kimoja.

Huu si ujinga. Ni busara. Mchele umeadimika. Sukari imeadimika. Sabuni ndiyo hiyo ya kuotea. Leo dawa ipo, je, mwakani? Mwenye akili hamalizi kitu kizuri kilichotoka ng'ambo. Marehemu mama yetu wakati wa vita vya Hitla alificha sukari ndani ya mito ya kulalia. Mtaa mzima ulikunywa chai isiyo na sukari, sisi tulikunywa tamu. Tuliumwa na sisimizi mwaka mzima, lakini tulikunywa tamu.

Alkhamisi, 9 Septemba

Presha yangu ni ya kutegemewa, lakini sipendi kuyaachia mambo bahati. Nimetunga mpango. Papa mkavu. Ng'onda, samaki wakavu wa chumvi. Achari ya mbirimbi. Kahawa vikombe saba. Yote haya nje ya nyumba, maana Tabia anapika bila chumvi tangu mwezi wa sita, na mchuzi wake sasa una ladha ya mvua.

Nimekula Sokomuhogo, nimeupa mgongo mtaa. Haikusaidia. Masoud alipita. Akainama kunitazama usoni, akaniuliza, "Kaka, unahamia baharini?" Nikamwambia nachunguza jambo. Akasema naam, mifupa aliiona.

Jumamosi, 11 Septemba

Tabia amenusa papa katika kanzu. Nikamsingizia paka. Akasema paka huyo ana elimu, maana kamzungushia papa gazeti na kumtia mfukoni.

Kichwa kinagonga. Pete hainitoki kidoleni. Wakati wa adhuhuri nilipoinuka kutoka sijida niliona vimulimuli, mchana kweupe. Kisha, katika kushuka ngazi zetu hizi za Mkunazini, ambazo fundi wake hakika alikuwa mbuzi, mguu ukakosa kipandio. Tabia alinidaka. Kwa mwanamke mfupi ana nguvu za ajabu. Leso ilianguka, na kidonge cha leo ndani yake. Nikaiokota haraka. Sidhani aliona kitu.

Alikaa kwenye kipandio muda mrefu. Nadhani alichoka.

Jumatatu, 13 Septemba

Ushindi! Tabia ameacha kunisimamia. Amesema mtu mzima hasimamiwi, kidonge changu atakiweka juu ya meza na mimi nijijue. Hatimaye heshima imerudi nyumbani. Kidonge kinatoka mezani na kuingia mkebeni moja kwa moja, kikavu, hakuna tena taabu ya kuanika.

Badala yake ananiletea uji kila asubuhi. Uji mchungu! Nikauliza una nini. Akasema ni unga wa foleni, siku hizi wanauchanganya na vitu gani sijui, yeye kazidisha tangawizi kuufunika. Nikaumaliza. Katika shida za taifa mzee hana budi kuwa mfano.

Alkhamisi, 16 Septemba

Jambo la kustaajabisha. Nimehesabu mkebe. Tangu Jumanne ya wiki iliyopita nimetia vidonge tisa. Pangekuwa na tisini. Vipo themanini na sita. Nikahesabu mara tatu, kwa sauti. Themanini na sita.

Panya!

Nimemwuliza Tabia kama ameona panya. Alikuwa anatwanga kitu katika kinu kidogo cha iliki. Akasema anaye mmoja mkubwa humu ndani, ana ndevu, na anapenda papa. Sikumwelewa. Wanawake hukuza kila kitu.

Nimenunua mtego.

Ijumaa, 17 Septemba

Mtego umefyatuka! Panya hayumo. Pamebaki kipande cha kanga, rangi ya ile kanga ya Tabia ya nyumbani. Ni dhahiri mnyama huyo alikuwa anakokota kitambaa kwenda kutandika makao yake. Werevu wao unatisha.

Tabia ana kitambaa kwenye kidole cha shahada. Amesema ni kisu. Nikampa pole, nikamweleza namna sahihi ya kushika kisu. Akaniletea uji.

Kidonge kingine hakipo.

Jumapili, 19 Septemba

Hatari. Kichwa hakiumi.

Nimeamka, nikasubiri. Hakikuuma. Nikapanda ngazi mpaka juu, nikashuka. Vimulimuli hakuna. Pete imetoka kidoleni na kuviringika chini ya kabati. Na zimebaki siku nane tu! Nimeongeza papa maradufu.

Wageni pia leo. Wakwe wametoka Tumbatu, wakiongozwa na ami wa bwana harusi, Mzee Matar, mtu wa sauti kubwa aliyezoea kusemeshana na chombo kingine baharini. Akauliza walii ni nani, maana wao wanataka kumjua mtu kabla ya kumpa mkono. Nikasema ni mimi. Tabia akainamisha kichwa. Masoud akakohoa. Mzee Matar akasema kule kwao wamesikia kwamba Mwalim ni mgonjwa, anaanguka ngazini. Nani kawaambia? Masoud alikuwa anatazama dari.

Walipoondoka nikamkabili. Hakukana. Akasema ameshayasoma maneno ya kuozesha, na joho amelipeleka kwa dobi. "Kwa tahadhari tu, Kaka. Mungu atuepushe."

Joho kwa dobi! Na mimi bado nipo hai!

Mwanakheir alikuwa nyuma ya mlango. Alisubiri Masoud aondoke, akaja akanishika mkono. Akasema, "Babu, mie n'nataka uniozeshe weye. Baba hayupo. Nkikukosa na weye, nani atasema jina lake siku ile kama linavyosemwa?" Nikamwambia asitie wasiwasi, nina mpango. Uso wake haukuonyesha kufarijika.

Alkhamisi, 23 Septemba

Nimetafuta hasira, kwani hasira hupandisha presha. Nikaenda kusoma tangazo la duka la mgao wa mchele. Makosa kumi na moja katika mistari sita. Zamani moja tu lingenitia homa. Leo niliyasoma yote, moyo umetulia kama maji mtungini. Nikajikuta hata namhurumia mwandishi.

Nikaenda kwa Masoud, nikamwomba anitukane. Akakataa. Akasema mimi ni kaka yake mkubwa, atanitukanaje ana kwa ana? Mnafiki!

Uji leo ulikuwa mchungu zaidi. Unga huu utatumaliza.

Jumatatu, 27 Septemba

Siku nyeusi. Ng'onda wanne alfajiri, kahawa vikombe tisa, ngazi mara tatu. Nikafika kliniki natiririka jasho, nimejaa matumaini. Nesi Wanu akafunga mpira mkononi, akapampu, akasikiliza. Akatabasamu.

Mia na hamsini na mbili kwa tisini na mbili.

Nikamwambia mpira unavuja. Akanipumzisha kidogo, akanipima mkono wa pili. Mia na arubaini na nane. Nikamwambia mkono huo haujawahi kuwa mzima, nilipigwa bakora nikiwa mtoto wa chuo cha Kurani. Akamwita daktari. Daktari akapima mwenyewe, akanipa mkono, akanipigapiga begani. Nesi akatafsiri kwamba dawa ya kawaida imefanya kazi yake vizuri kabisa, daktari ananipongeza kwa kuimeza bila kukosa, natakiwa niendelee vivyo hivyo, na jaribio halinihusu.

Halinihusu!

Nafasi ya ishirini amepewa mwuza ndizi wa Jang'ombe. Masoud alikuwa ukumbini, ameketi peke yake kwenye kiti cha wasiopanga foleni. Akanambia, "Pole sana, Kaka. Kupona kwataka moyo."

Jumatano, 29 Septemba

Mungu si Masoud. Habari zimemfikia kila mtu kabla ya alasiri.

Daktari alishangaa kwamba presha ya Masoud haishuki hata kwa dawa mpya. Vidonge vikihesabiwa katika kopo lake la kliniki vinapungua sawasawa. Basi daktari akaagiza mkojo wake upimwe. Mkojo ukasema kweli. Haukuwa na hata chembe ya dawa. Nesi Wanu akamfuata nyumbani, na mkewe akatoa mto wa kulalia. Ndani ya mto, vidonge vyote, kimoja kimoja.

Mtoto wa mama yake!

Wamemvua kadi ya manjano. Nilikwenda kumpa pole, kama inavyompasa kaka mkubwa. Nikamweleza kwa upole kwamba dawa imeumbwa imezwe. Nikamwuliza ni mtu wa namna gani, mwenye akili timamu, anayepokea dawa ya bure akaificha huku mwili wake unateketea. Alilia kidogo. Nikamwambia aanze kumeza leo hii. Nilizungumza vizuri sana. Tabia, aliyenisindikiza, alitoka nje ghafla, mabega yanamtikisika. Ana huruma nyingi.

Ijumaa, 1 Oktoba

Imekwisha. Nimemwozesha.

Baada ya sala, msikitini. Nilikaa chini, magoti yangu yanagusana na ya kijana. Anaitwa Mcha. Kiganja chake kilikuwa na jasho, changu kikavu. Nilisema, "Nimekuozesha mjukuu wangu, Mwanakheir binti Abdulla." Kwenye jina la mwanangu niliogopa sauti itakatika. Haikukatika. Nililisema lote, taratibu, kama linavyosemwa. Kijana akaitikia. Mzee Matar akanambia, kwa sauti iliyosikika mpaka Forodhani, kwamba walii kama huyu kwao hawajamwona.

Masoud alikaa nyuma yangu na joho lake lililopigwa pasi. Alikuwa wa kwanza kunikumbatia. Harufu yake ilikuwa ya mama yetu. Sijui kwa nini naandika haya.

Jumamosi, 2 Oktoba

Baada ya chai Tabia ameweka vitu viwili mezani. Mkebe wangu wa biskuti, na kinu cha iliki. Akaketi. Akafungua kitambaa, akanionyesha kidole. Alama ya mtego!

Amekiri yote. Siku ile ya ngazi alikiona kidonge ndani ya leso. Akaenda kwa Nesi Wanu, akamwuliza kiasi. Tangu Jumatatu iliyofuata, kila asubuhi kidonge kimoja, kimetwangwa, ndani ya uji. Alichukua vile vikavu vya mkebeni, akaniachia vya mezani vya kuchezea. Unga wa foleni, masikini, haukuwa na kosa.

Nikasema nimesalitiwa ndani ya nyumba yangu. Nikasema presha yangu haikushindwa vitani, bali ilitiliwa sumu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalim, n'lishuka ngazi zile nyuma ya jeneza la Abdulla. Sikuwa na nguvu za kushuka mara ya pili. Na mie sikuolewa na mkebe."

Nikaenda dirishani nikasimama. Baadaye nikamwambia kwamba yeye ni mke mwema, na kwamba kuanzia sasa nitavimeza mwenyewe, kila siku, kwa hiari yangu. Nimeapa. Akasema Inshallah, kwa sauti ambayo sikuipenda.

Jumatatu, 4 Oktoba

Kliniki. Mia na arubaini na nne kwa themanini na nane. Nesi Wanu amenipa vidonge vya mwezi mzima. Tabia alikuja pamoja nami. Naye alipewa kitu kimefungwa kwenye karatasi. Mambo ya wanawake. Sikuuliza.

Njiani nilisikia maneno ya uhakika, kutoka kwa mtu ambaye shemeji yake hufanya kazi bandarini. Dawa za presha hazitaletwa tena mpaka baada ya Idi. Labda mwakani. Labda kamwe!

Nimetafakari kwa utulivu. Nimeapa kumeza, na nitameza, ila sikutaja mwezi wa kuanzia. Kwa presha hii ya mia na arubaini na nne, kumeza sasa ni israfu. Nimenunua kufuli. Kubwa, la shaba. Mkebe umefungwa, ufunguo nimeuvaa shingoni, ndani ya fulana. Na Masoud, ambaye kliniki wamemrudisha kwenye dawa ya kawaida, amekuja jioni kwa adabu kuuliza kama katika mkebe wa kaka yake kuna nafasi. Nikampa nafasi. Damu ni damu.

Jumanne, 5 Oktoba

Nimepiga marufuku uji. Sitakula wala kunywa tena kitu chochote kinachoweza kutiliwa kitu. Tabia amekubali bila hata neno moja. Akauliza tu, kwa unyenyekevu, kama naruhusu kahawa. Nikafikiri. Kahawa ni chungu tangu kuumbwa, hakuna wa kuiharibu. Nikaruhusu.

Asubuhi nimekagua. Kufuli zima. Ufunguo upo shingoni. Vidonge vimetimia, vyangu na vya Masoud, hakuna hata kimoja kilichopungua. Hatimaye nimemshinda.

Kahawa ya leo ilikuwa chungu kupita kiasi. Buni za foleni hizi! Nimeinywa yote.